Mtoto wa Kampuni

Jameni, nimeona mtu mzima akipigia makofi roboti iliyong'oa mti wa chai na mizizi yake.

Na huyo huyo, hapo hapo, akanigeukia akasema siku nyingine nikileta mtoto shambani, nisirudi.

Wacha niwaeleze vizuri.

Naitwa Christabel. Nilikuwa kibarua wa kuchuna chai kwa shamba moja upande wa Kiptere. Krechi ya kampuni ni ya watoto wa wale wameandikwa permanent pekee, kwa hivyo Elmina wangu nilikuwa namwachia jirani, Chepkosgei. Chepkosgei akaolewa mbali, Sigowet. Bila hiyo kazi hatungekula, basi nikaendelea kumbeba Elmina mgongoni, nimemfunika na leso, nachuna mistari ya mwisho.

Sasa hiyo roboti. Ililetwa na injinia anaitwa Shirley, mpole tu. Alituambia haifundishwi. Inajifunza yenyewe kama mtoto mchanga: inashika, inaangusha, inangoja kuona nini kitatokea.

Ilimwaga majani yetu ya asubuhi yote kwa matope. Supavaisa wetu, Ombui, yule wa makofi, anacheka tu kama babu aliyeletewa mjukuu.

"Iacheni, inajifunza."

Mimi nikiweka jani moja gumu kwa kikapu, naitwa mzembe mbele ya watu. Haya.

Lakini ukweli usemwe, mwishowe ilijua kuchuna. Majani mawili na chipukizi, vile chai hutakiwa kuchunwa, safi kabisa, kutushinda. Nililia siku hiyo. Nilijua tumeisha.

Kisha ikaacha.

Ikasimama katikati ya chai, mikono chini. Ombui akaisukuma, akaibembeleza, wapi. Shirley akasema kitu ikishakijua kinaichosha, inatafuta kile haijaelewa.

Wakaamua basi iangalie kazi ya Ombui. Ikaweka mikono nyuma kama yeye, ikatembea kidogo, ikachoka kabla ya chai ya saa nne. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Hapo ndipo Elmina akapiga chafya chini ya leso.

Roboti ikageuka. Elmina akachomoza kichwa, akalia bila sababu, akacheka bila sababu, akatupa kiatu. Ikamwokotea. Akakitupa tena. Ile mashine ilikuwa imeamka kabisa.

Ombui alishaanza kunionyesha geti. "Mama Elmina, nilikuambia nini?"

"Usimguse huyo mtoto," Shirley akamwambia. "Huyo ndiye kitu pekee hapa haijamaliza kuelewa."

Wakubwa wakafanya mkutano. Nikaitwa ofisini, nikijua leo naandikwa.

Walimwandika Elmina.

Permanent. Bima, nafasi ya krechi, na juu ya hayo gambuti ndogo za matope. Nikauliza, na mimi je? Ombui akaangalia dari, akasema mimi kampuni inanitambua kama mtu wa kumleta mtoto kazini.

"Lakini usimfundishe kitu. Tunataka abaki hivyo hivyo."

Kwa hivyo wewe unayetafuta kazi huku kwetu, ushauri wangu ni huu: usijionyeshe unaijua. Wanaoijua tuko wengi, na sote ni vibarua.

Jana Elmina alitambaa hadi kwa mti wa chai. Akanyoosha kidole, akachuna majani mawili na chipukizi, vizuri kabisa.

Nilimnyang'anya nikayatafuna haraka kabla Ombui aone.