Swali Baada ya Mazoezi

Kila Jumamosi asubuhi, huku Junda, tunasogeza madawati ya darasa ukutani, nami nawafunza watoto karate. Kabla ya ngumi huwafunza kuamkia watu na kutomcheka aliyeanguka.

Siku moja niliwafunza la kufanya mtu akiwashika mkono kwa nguvu: piga kelele, jinasue, kimbilia nyumbani. Wenzake walipotoka, msichana wa miaka kumi, hodari kuliko wote, alibaki mlangoni.

“Mwalimu, na kama mtu huyo yuko nyumbani?”

Nilikuwa nafunga madirisha, wala sikugeuka. “Nyumbani hakuna adui, mwanangu.”

“Haya, mwalimu,” akasema, akaenda zake.

Jumamosi mbili hakuja. Nilipokwenda kwao, jirani aliniambia kuwa baba yake wa kambo amekamatwa kwa kumdhulumu mtoto, naye mtoto amepelekwa Kaloleni kwa nyanya yake. Nilikaa pale pale kizingitini.

Nilimpigia nyanya simu, nikaomba niseme na mtoto nimtake radhi.

“Usiudhike, mwalimu,” akanijibu taratibu. “Hataki kusikia sauti ya mwanamume yeyote.”

Sikupiga tena.