Ahadi ya Wanawake Watatu

Jumanne, tarehe tisa Julai. Manyunyu tangu alfajiri. Hapa Timbwani nguo za juzi bado mbichi kambani.

Nimeharibu. Naandika kabla sijaanza kujitetea.

Shangazi yangu alishika kamera siku ambazo mwanamke mwenye kamera alichekwa njiani. Filamu zake hazina hadithi: ni mikono, visigino, migongo ya wanawake wakiwa kazini. Ziko ambazo mimi pia sizielewi, labda kwa sababu shule niliiacha mapema. Lakini ile ya wanawake watatu wakitwanga singo ya harusi, manukato ya kumsugua bi harusi, leso vifuani, wanacheka, hiyo naielewa. Aliwaahidi haitaonwa na mwanamume, ndiyo maana imekaa kabatini miaka yote. Ijumaa tulikuwa tuwaonyeshe wanawake peke yao.

Kanda ishaanza kuingia ukungu, nikaipeleka Magongo kwa fundi aihamishe kwenye kompyuta. Tulikubaliana aunge nyaya, atoke, nikae mimi. Nikatoka kuswali adhuhuri. Kurudi, namkuta anatazama.

"Rangi ilikuwa yakimbia, dada. Nitairekebishaje nimefumba macho?"

Haki yake niseme: kazi aliifanya vizuri, wala hakucheka. Aliyeondoka ni mimi.

Nilipomweleza, Shangazi hakunigombeza, bora angenigombeza. Alivaa buibui. "Ahadi imevunjika, ruhusa nayo imekwisha. Twende tukaombe upya."

Mmoja wa wale watatu ni marehemu. Wawili wanaishi nyumba moja, mtu na wifiye. Mkubwa alisikiliza, akaniuliza, "Huyo fundi ana mke?"

"Sijui, bibi."

"Kamuulize. Mwambie siku zile nilikuwa na kiuno."

Wifiye akamfinya. Wote wawili wakaridhia. "Ila marehemu hatuwezi kumsemea," akasema mdogo.

Na marehemu ndiye yuko katikati ya kila picha. Nikasema tumuulize bintiye.

"Nilimuahidi yeye, si bintiye," akasema Shangazi. "Ruhusa yake imekwisha, hata kwa wanawake. Ijumaa tutazima picha. Watasikia sauti tu, michi na vicheko. Niliahidi hataonwa, sikuahidi hatasikika."

Nimekasirika, na sijui kama nina haki hiyo. Kazi ya umri wake mzima, na watu watakaa gizani waseme tena haieleweki. Kisa, mimi sikungoja dakika chache nikaswalia nyumbani.

Tumekula muhogo wa nazi na papa. Shangazi aliongeza sahani ya pili. Mimi nilibakisha.