Lundo la Kandambili Supamaketi

Supamaketi mpya ya Kibiti ina vigae vinavyong'aa hata watu wanavua kandambili mlangoni. Juzi nilimkuta meneja kashika tama. Wateja wameingia mara tatu ya aliowatarajia, lakini mauzo hayajafika hata robo. Watu wanapunga upepo wa kiyoyozi, wanabonyezabonyeza mikate, kisha wanakwenda kununua gengeni.

Mara akaingia bibi mmoja wa Dimani, kajitanda kanga. Nje kaona lundo la viatu, ndani kaona tama. Akajua ni msiba.

"Makiwa, mwanangu. Nani katutoka?"

Meneja akaitazama droo ya pesa, akashusha pumzi.

"Mtaji, bibi."

Bibi akafungua pindo la kanga, akampa mia tano ya rambirambi. Kwa muda wote niliokaa mle, faida niliyoiona ikiingia ni hiyo tu.