Tiketi ya Mjomba Haijachanwa

Jamani, leo nimemtilia shaka mjomba wangu wa damu. Na bado namtilia.

Mnajua nakusanya tiketi za zamani za mpira. Asubuhi mjomba kashuka Karatu mjini kutoka Mbulumbulu, kaniletea moja ya miaka ya sabini, ya mechi ya Arusha.

Mechi hiyo naijua mno! Tangu nikiwa mtoto anatusimulia alivyosimama nyuma ya goli, bao likafungwa kwa mguu wa kushoto, kofia yake ikapotea kwenye shangwe.

Nikaipeleka tiketi dirishani penye mwanga. Karatasi ya zamani kweli. Wino umefifia, muhuri upo. Hata vumbi letu jekundu limeingia kwenye mikunjo.

Tatizo ni moja tu: ni nzima.

Zamani ukiingia uwanjani, mtu wa mlangoni anachana kipande cha tiketi yako anabaki nacho. Hii haijaguswa. Kwetu wakusanyaji hilo ndilo daraja la kwanza, tamaa ikanishika. Lakini...

"Mjomba, mlangoni hawakuichana?"

Akatazama viatu vyake.

"Siku ile mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Lori letu lilikwama njiani, Mto wa Mbu."

Kabla sijajibu, akaichukua, akaichana kwenye mstari wa vitundu, akanikabidhi kile kipande cha mlangoni.

"Haya. Sasa nimeingia."

Nyie, niliumia! Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Chai ilipoletwa, akaanza kulisimulia bao lile upya.

Leo limefungwa kwa kichwa.