Kichefuchefu cha Kona za Kiriri

Mume wangu alioa mara mbili: mimi kwanza, halafu lile gari. Mzungu mmoja wa misaada alipofungasha virago kwa sababu ya vita, alimwachia gari lake kubwa jeusi la Kijerumani kwa bei ya kutupa, nalo likaja kulala uani kwetu Ngagara, chini ya paa la mabati ambalo mimi nilikuwa nimeliomba kwa ajili ya jiko. Lilikuwa na viti vya ngozi na moteri ya kuvuta lori, na lilikuwa zito hasa. Halikuwa na pa kwenda. Barabara za kutoka mjini zilikuwa za kuviziwa, na jioni amri ya kutotoka nje ilitufungia sote ndani. Gari la kukimbia kutoka nchi hadi nchi likawa linazunguka mjini kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Kwenye barabara iliyonyooka lilitulia vizuri. Taabu ilikuwa kwenye kona. Tukipanda kwenda Kiriri, mtaa wa mlimani, pua lake zito lilitaka kwenda moja kwa moja wakati barabara inakata, mwili mzima ukalala upande mmoja, halafu ukachelewa kuinuka.

"Inanibishia," mume wangu alikuwa akisema, huku anatabasamu. Mimi nikimbishia hatabasamu.

Alikuwa na duka la vitambaa aliloachiwa na baba yake, lakini akili yake haikuwa dukani tena. Akirudi tu, anachuchumaa mbele ya gari, anakandamiza boneti kwa viganja viwili, anaachia, anaangalia linavyodunda. Usiku angeweza kunyanyua kichwa kwenye mto akaniambia kuna nati imelegea, kwa sababu mchana alisikia kitu. Mgongo wangu uliniuma majuma mazima, hakusikia kitu. Niliona wivu. Sisemi niliudhika au nilijisikia mpweke, nasema wivu, ule wa kumwangalia mwenzako anavyoguswa na wewe umekaa pembeni na kanga yako mpya.

Jumamosi alinichukua kwenda Kiriri, si kunitembeza, bali kuona gari linakwendaje likiwa na watu wawili. Kona ya pili nikamwambia simama. Nikatapika kwenye majani, ziwa lote likiwa chini yangu. Alikuja mbio, akanishikia mtandio, akanimwagia maji mikononi. Kisha akageuka kutazama gurudumu.

"Ni amotisa," akasema, akimaanisha vile vyuma vinavyozuia gari lisidundedunde. "Zimekufa. Gari inakuyumbisha mpaka unatapika. Pole, sheri. Nitaitengeneza."

Mimi nilikuwa najua. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto, na mashangazi walishaacha kuniuliza, wakaanza kunihurumia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, nimepanga hata pilau. Pale njiani, nikipangusa mdomo, niliyameza yote. Nikasema moyoni: anayesikia nati iliyolegea akiwa kitandani, na hili alisikie mwenyewe.

Basi akaanza kulitengeneza gari, na kipimo chake kikawa tumbo langu. Amotisa mpya zilikuja kwa kupitia Uvira, ng'ambo ya ziwa, maana vikwazo vya biashara vilikuwa vimefunga kila kitu. Alizipokea kama mtu anayepokea mgeni kutoka Makka. Tukapanda Kiriri. Nikatapika. Akatafuta matairi mapana zaidi, akayajaza upepo, akaupunguza, akaujaza tena. Nikatapika. Akabadilisha resori, zile springi za chini, akaweka fupi na ngumu, gari likakaa chini karibu na ardhi.

"Unasikia namna gani?" aliniuliza siku hiyo, ameniinamia kwa upole kiasi kwamba nilikaribia kusema.

"Vibaya."

"Ulisikia vibaya kwenye kona ya kwanza ao ya pili?"

"Ya kwanza."

"Eh! Basi tumerudi nyuma."

Nililitazama lile gari, linang'aa, limekaa chini kwa raha, nikatamani lishike kutu usiku mmoja.

Mama mkwe ndiye aliyegundua. Alinikuta jikoni nalamba limao kwa chumvi, akafunga mlango.

"We unangoja nini kumwambia?"

"Nangoja aniulize, mama. Gari lile haliwezi kusema, na bado anajua linaumwa wapi."

Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la mchele. Alipomaliza hakuwa anacheka tena. "Mi nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Kisha namwambia mwenyewe. Mutoto wa mwanangu apana kufichwa mu jiko."

Ikawa nimebanwa pande mbili. Nikinyamaza, habari yangu itasemwa na mtu mwingine. Nikisema, nitakuwa nimeshindwa na chuma.

Wiki ya mwisho alipeleka gari kwa fundi mmoja mtaa wa Mutakura. Walitoa ile nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, inayozuia gari lisilale, wakaweka nene zaidi waliyoitoa kwenye gari bovu. Wakanyoosha matairi kwa kupima na kamba, yatazame mbele sawasawa. Jumamosi tukapanda. Naapa, lilikuwa gari jingine. Liliingia kona likiwa limesimama sawa, na uzito wake wote ulifuata mkono wake bila ubishi. Hata mimi nililiona zuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: kila lilichohitaji lilikuwa limepata. Sikutapika. Alipiga volani, ule usukani, kwa viganja, akanikumbatia. Nilijua anakumbatia nini.

Tukarudi uani, akazima moteri. Jirani alikuwa anakaanga ndagala, vile vidagaa vya ziwani, na harufu imejaa uani. Nilifungua mlango, nikatapika pale pale, karibu na tairi jipya.

Alisimama. Akaangalia tairi, akaniangalia, akaweka mkono juu ya boneti kama anayempima mgonjwa homa.

"Lakini imezimwa," akasema.

"Eeh. Imezimwa."

Niliona habari inaufikia uso wake polepole.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Siku zangu za mwisho zilikuwa wiki ile gari lako lilipoingia hapa."

Akahesabu kwa vidole papo hapo, bila kukosea, kwa sababu siku hiyo aliikumbuka: saa lilipoingia, nani alifungua geti, mvua ilivyokuwa. Nikamuuliza harusi yetu ilikuwa mwezi gani. Akaanza tena kwa vidole, akapotea. Kisha akaanza kulia na kusema alhamdulillahi, ameshika mikono yangu kwa mikono yake yenye grisi, na mimi nikalia pia, kwa furaha na kwa hasira.

Akanifungulia mlango wa nyuma wa gari. "Njoo ulale hapa kidogo, kwenye ngozi. Ni baridi, ni laini." Ndipo mahali pazuri kuliko pote alipopajua.

"Mi naenda kwenye kitanda changu," nikamwambia, nikampita, nikamwacha ameushika mlango.

Kitandani nilitega sikio, nikingoja kusikia kwanza mlango wa gari ukifungwa. Sikuusikia; aliuacha wazi. Nilisikia kandambili zake tu, zinakuja ukumbini.