Ukimya wa Darasa la Nne

Naikumbuka Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili. Nilikuwa mezani nikichonga penseli za darasa la tatu kwa wembe, niliposikia darasa la nne limenyamaza.

Mwanangu unayeanza kazi hii, huenda ukajiuliza kimya cha watoto kina uzito gani hata mtu mzima akikumbuke. Katika shule yetu ya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, ukuta unaotenganisha madarasa hayo mawili haufiki kwenye paa, na asemayo mwalimu wa upande mmoja husikika upande wa pili kana kwamba amesimama kando yako. Siku hiyo nilimsikia jirani yangu akiuliza kwa nini nguo iliyoanikwa hukauka hata siku ya mawingu. Kisha pakawa kimya. Nikamaliza kuchonga penseli niliyoishika na bado hakuna aliyejibu. Baadaye nikasikia minong'ono ya wawili wawili, Lhukonzo, lugha ya wenyeji, huku, Kiswahili cha Kongo kule, Kiganda cha watoto wa kambi ya jeshi nyuma kabisa. Mwishowe sauti moja nyembamba ikainuka na kujibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, jibu refu lenye sababu ndani yake.

Sauti hiyo ndiyo iliyonichoma. Ilikuwa ya Kavira, binti wa mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, auzaye vitenge katika soko letu. Mwaka uliotangulia alikaa katika darasa langu, na sikumbuki kumsikia akitamka lolote isipokuwa ile "ndiyo" ya kuitikia pamoja na wenzake.

Mwalimu wa la nne aliitwa Kabugho. Alikuwa ametoka chuoni tu, na mshahara wake mdogo ulitoka kwa wazazi, si kwa serikali. Alipewa mihula miwili ya majaribio, na mimi nilitakiwa kumlea, kisha kumshauri mwalimu mkuu kama abaki au aondoke. Kazi ya binti huyo, kwa hiyo, ilikuwa mdomoni mwangu.

Usidhani kwamba sikuelewa alichokuwa akifanya. Nilikielewa pengine kumzidi. Nilisoma shahada yangu wakati wa likizo, miaka mingi ya kupanda gari alfajiri, na andiko langu la mwisho lilihusu jambo hilohilo: mwalimu akiuliza swali, angoje, ampe mtoto nafasi ya kufikiri, amwache ajaribu jibu kwa lugha ya nyumbani pamoja na jirani yake, ndipo aseme mbele ya wote. Watafiti wameyaeleza hayo zamani. Nilipata alama nzuri, nikavaa joho, picha ikatundikwa sebuleni. Jumatatu iliyofuata nikarudi darasani kuuliza "Tumeelewana?" na kuitikiwa "Ndiyooo", nami nikaita huko kufundisha.

Niliwahi kujaribu kungoja, nilipokuwa na umri wa Kabugho. Nilifundisha Kilembe wakati huo, karibu na nyumba za wachimba madini, na nilingoja kwa hisia tu, kabla sijajua kwamba jambo hilo lina vitabu vyake. Mwalimu mmoja mwandamizi, mama niliyemheshimu sana, akasimama mlangoni akawatazama watoto waliokuwa wakifikiri. Akasema kwa sauti ya kuwachekesha: "Mwalimu, somo limekupotea? Nikuazime langu?" Watoto wakaangua kicheko, nami nikacheka nao ili nisionekane nimeumia. Sikungoja tena. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa akinionya. Jumatatu ile, wembe mkononi, ndipo nilipoelewa alichokuwa akihisi pale mlangoni, kwa kuwa nami nilikuwa nakihisi.

Wivu wa watu waliosoma, mwanangu, hautoki na matusi. Hutoka umevaa nguo za kazi. Mwalimu wetu mkuu, ambaye kwa siri tulimwita Afande kwa kuwa alikulia katika kambi ya jeshi na husema kama anayeamuru gwaride, aliniita wiki ileile.

"Sema, mwalimu. Huyu binti anafaa, hafai?"

Nikajibu kwa utulivu kwamba ana bidii, ana adabu, lakini darasa lake lina kimya kingi, na wazazi wakipita dirishani watadhani hakuna mwalimu. Hakuna neno hata moja katika hayo ambalo lingeweza kuitwa uongo. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi, muhula ukiisha aende. Nikarudi darasani kwangu, na nakuambia bila kujificha kwamba nilifundisha vizuri mchana huo.

Siku chache baadaye mama yake Kavira alifika shuleni, kipande cha kitenge kimekunjwa kwapani, akanikuta barazani.

"Mama mwalimu, natafuta ule mwalimu mudogo. Mutoto wangu anasema sasa! Ju ya nguo anasema, ju ya jua anasema, mupaka baba yake anamuomba anyamaze kidogo tule." Akacheka, kisha akainama kwangu kama mtu atoaye siri. "Mwaka ule ingine hakusemaka hata kidogo. Alikuwa kwa mwalimu gani, ule?"

"Kwangu," nikasema.

Akafunika mdomo kwa kile kitenge. "Pole, mama. Labda alikuwa angali mudogo."

Nilimwonyesha mlango wa la nne. Niliporudi darasani kwangu nikawasikia juu ya ukuta wakicheka pamoja, na nikatamani kitenge kile alicholetewa Kabugho kuliko nilivyowahi kutamani nguo yoyote.

Ilinichukua siku nyingi kurudi kwa Afande, nyingi kuliko inavyostahili. Nilipomwambia kwamba maneno yangu kuhusu Kabugho hayakuwa kwa ajili ya watoto, alisema nimechelewa: binti amesikia kwamba ataondolewa, amejitafutia shule Katwe, na ameshakubaliwa. Siku ya kufunga shule Kabugho alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumlea. Nikapokea shukrani hizo.

Wiki kadhaa baadaye nilimtumia barua hii, nami nakupa nakala yake uisome kwa kuwa nasaha zake ni zako pia.

"Mwanangu Kabugho,

Natumaini watoto wa Katwe wamekupokea, hata wale wanaofika na mikono iliyopasuka kwa kuchimba chumvi ziwani.

Neno lililokuondoa Bwera lilitoka kwangu. Darasa lako halikuwa na kosa. Ulikuwa ukifanya kila siku kile ambacho mimi nilikiandika tu, na sikuweza kukusamehe. Huhitaji kunijibu.

La nne nimepewa mimi. Siku ya kwanza niliuliza swali nikangoja kama ulivyokuwa ukingoja. Mtoto wa dawati la mbele akaninyooshea kiganja. Alidhani nakaribia kuchukua fimbo, kwa sababu kwangu kimya kilikuwa na maana hiyo. Basi ujue kwamba njia uliyoisoma chuoni haiingii katika darasa tupu. Inakuta mazoea ya mwalimu yamekaa humo tayari, na watoto wanayajua kuliko wewe. Waeleze unachofanya na kwa nini. Chukua jambo moja, si kumi. Lifanye mpaka walizoee, kisha tazama nyuso zao uone kama linafaa, na lisipofaa libadilishe bila aibu. Kabla ya somo jipya waulize la jana, daftari zikiwa zimefungwa. Na mkubwa akisimama mlangoni akacheka, hata akiwa mimi, usikatize kungoja kwako.

Wivu haujanitoka. Nikisikia sifa zako kutoka Katwe najua utanichoma tena. Lakini sitauacha useme tena mbele ya mwalimu mkuu.

Mungu akupe afya, na mshahara unaofika kwa wakati, na watoto wanaobisha. Akupe maisha marefu katika kazi hii, na ukishazeeka ndani yake akuletee mwalimu mchanga atakayekuzidi, nawe uweze kumfurahia."