Jina Chini ya Bakuli

Ardis Kolstad aliandikia gazeti dogo la makao makuu ya jimbo letu. Kila Januari, Bunge lilipofunguliwa, alichukua tamko la mali la kila mbunge na kulilinganisha na miswada aliyowasilisha.

Mwaka ule Seneta Rasmus alileta mswada wa kupunguza wahudumu wa usiku katika nyumba za wazee. Tamko lake lilitaja shamba la ngano na matrekta, basi. Ardis hakuridhika. Mumewe Merle, aliyepooza, alilazwa katika nyumba ya wazee ya mjini. Asingegeuzwa usiku angeota vidonda. Nyumba hiyo ilimilikiwa na kampuni iitwayo Tveit, na Tveit ni nani hakuna aliyejua.

Alijua siku ya mazishi fulani. Tulikuwa jikoni kanisani tukiosha vyombo. Kwetu kila mwanamke hubandika jina chini ya bakuli lake lisipotee. Ardis aligeuza moja, akakuta utepe uliochakaa: Tveit.

"Jamani, hili la nani?"

"La Jolene, mke wa seneta," nikamjibu. "Alirithi kwa mama yake. Hee, siku hizi unachunguza hata mabakuli?"

Wenzetu wakacheka. Yeye akalikausha polepole.

"Ardis, dada yangu, usiandike," nikamwambia. "Wakimtoa Merle utampeleka wapi?"

"Nisipoandika, atabaki mle na nani?"

Alithibitisha kwa msajili wa makampuni kwamba Jolene ana hisa Tveit, akaandika.

Seneta akasimama bungeni. "Waheshimiwa, natangaza kwamba mke wangu ana hisa katika kampuni hiyo." Wakampigia makofi kwa uungwana wake. Kanuni zao zinamtaka mtu atangaze tu, kisha apige kura. Akapiga, mswada ukapita. Mimi siuiti uungwana. Kutangaza kwamba unakula si kuacha kula.

Jolene bado huleta bakuli lile kanisani. Utepe ameubandua.

Merle hawakumtoa. Theluji ilipoyeyuka, Ardis alimkuta na kidonda nyongani, kinanuka.

"Nisamehe, mama," mhudumu akasema, macho mekundu. "Usiku niko peke yangu, korido zote mbili."

Ardis akavua koti.

"Shika miguu, mwanangu. Mabega niachie mimi."

Tangu hapo hulala kitini, kando ya kitanda cha mumewe.